Kuokolewa kwa Neema au kwa Kushika Sheria: Ulinganisho kwa Mkristo Anayetaka Kuamua

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 15, kinasimulia kwamba watu fulani walishuka Antiokia kutoka Uyahudi, wakawafundisha ndugu waliokuwa huko wakisema, "Msipotahiriwa kama desturi ya Musa hamwezi kuokoka." Wanahistoria wengi huuweka mgogoro huo karibu na mwaka 49 baada ya Kristo, wakati ambapo wengi wa mashahidi wa kusulubiwa kwa Yesu walikuwa bado hai. Waliolitetea fundisho hilo hawakuwa maadui wa Yesu. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema wazi kwamba baadhi yao walikuwa Mafarisayo walioamini, na walichodai ni kwamba kumwamini Kristo hakujitoshelezi mpaka kuambatane na torati. Ubishi ulizaliwa ndani ya Kanisa, miongoni mwa watu waliosali pamoja, na humo ndimo ulimobaki hadi leo, hivi kwamba hata Mkristo ambaye hajawahi kufungua kitabu cha theolojia anaishi kwa mojawapo ya majibu hayo mawili.

Njia ya kwanza inafundisha kwamba Mungu humkubali mwanadamu mwenye dhambi bure, kwa sababu ya kazi ya Kristo, na kwamba mwanadamu huyo hupokea kwa imani kitu ambacho hangeweza kukistahili. Njia ya pili inafundisha kwamba kukubaliwa huko kunategemea, kwa sehemu au kwa ukamilifu, utii wa mtu kwa amri na taratibu za dini, na kwamba siku ya mwisho matendo yatapimwa ili ijulikane nani amefikia kiwango. Mimi nimeegemea njia ya kwanza, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Hata hivyo nimejitahidi kuieleza ile ya pili kwa namna ambayo mwenye kuifuata angekubali kwamba ndivyo anavyoamini.

Picha zisizo za haki

Ulinganisho mwingi wa aina hii huharibika mapema kwa sababu upande usiopendwa hutiwa kinywani maneno ambayo haukuyasema. Dini ya Kiyahudi ndiyo iliyoonewa zaidi. Mimbarini husemwa mara kwa mara kwamba Myahudi alihesabu amri zake moja moja akitumaini kwamba mwishoni zitatosha. Lakini Amri Kumi katika Kutoka 20 hazianzi kwa kuamuru chochote, zinaanza kwa habari ya ukombozi: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Waisraeli walivushwa bahari kwanza, ndipo wakapewa torati pale Sinai. Mwaka 1977 msomi E. P. Sanders alieleza kwa kirefu kwamba Wayahudi wa enzi za Paulo, kwa jumla, waliiona torati kuwa njia ya kudumu ndani ya agano ambalo Mungu alikwisha kuwaingiza kwa rehema yake. Wasomi wamempinga katika mambo kadhaa, lakini tangu wakati huo imekuwa vigumu kwa mtu makini kuirudia ile picha ya zamani bila kuona haya.

Uislamu nao, ambao kwa Wakristo wengi wa pwani yetu ni dini ya jirani na hata ya ndugu wa damu, hauelezeki kwa sentensi moja kwamba Waislamu wanajinunulia pepo kwa swala na saumu. Katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim ipo hadithi ambamo Mtume Muhammad anasema kwamba hakuna atakayeingizwa peponi na amali yake, hata yeye mwenyewe, isipokuwa Mungu amfunike kwa rehema yake. Kuhusu Wakatoliki, ambao Waprotestanti wamezoea kuwaweka upande wa matendo, Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, katika kanuni ya kwanza ya tamko lake la Januari 1547 ulimlaani yeyote atakayesema kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema iliyo kwa njia ya Yesu Kristo. Kanisa hilo lilikuwa limekwisha kuikataa rai ya Pelagio, aliyedai kwamba mwanadamu ana uwezo wa kutosha wa kutenda mema kwa hiari yake, katika Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418.

Iko wapi basi njia hiyo ya pili, ikiwa kila mmoja anaikana? Iko katika desturi zaidi kuliko katika katiba. Hakuna dhehebu lililoandika kwamba waumini wake wanaulipia wokovu wao. Jambo hili huingia kama nyongeza: amini, na pia usivae hiki, amini, na pia ushike siku ile, amini, na pia michango yako isipungue. Kila nyongeza, ikitazamwa peke yake, huonekana ya busara, na pengine ni ya busara kweli. Tatizo huanza pale muumini anapoanza kuilala na kuiamkia ile nyongeza, na Kristo akabaki kuwa utangulizi tu.

Kipi kinatangulia

Kwa kuwa pande zote mbili zinasisitiza matendo mema, tofauti ya kweli imo katika mpangilio. Katika njia ya sheria, utii unatangulia na kukubaliwa kunafuata. Katika njia ya neema, kukubaliwa kunatangulia na utii unafuata. Paulo ameliweka jambo hilo kwa lugha ya ajira katika Warumi 4: mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali ni deni. Mwajiri anayelipa mshahara mwisho wa mwezi hajamfadhili mtu, na mfanyakazi hana sababu ya kumshukuru kwa machozi. Wote wawili wametimiza mkataba. Ikiwa uhusiano wa mtu na Mungu ni wa namna hiyo, basi mtu huyo anaweza kudai, na pia anaweza kufukuzwa kazi.

Mpangilio wa neema unaonekana vizuri zaidi katika Waefeso 2, ambapo watu wengi husoma mistari miwili wakaacha wa tatu. Mstari wa 8 na wa 9 inasema kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Mstari wa 10 unaendelea kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema." Matendo yaliyofukuzwa mlangoni kama sababu ya wokovu yamekaribishwa ndani kama kusudi lake. Anayehubiri mistari miwili ya kwanza bila huu wa tatu ameikata sentensi ya mtume katikati, na anayehubiri wa tatu bila ile miwili ameigeuza juu chini.

Kiasi gani kinatosha?

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ulinganisho huu unapokuwa mzito kuliko mahali pengine pote, kwa sababu ni swali ambalo njia ya sheria haijawahi kulijibu. Ikiwa utii ndio unaomfanya mtu akubalike, lazima kuwe na kipimo, na muumini ana haki ya kukijua. Barua ya Yakobo, ambayo watetezi wa matendo huipenda, ndiyo inayokifanya kipimo hicho kisifikike, maana inasema kwamba mtu atakayeishika sheria yote ila akajikwaa katika neno moja, amekosa juu ya yote. Paulo naye katika Wagalatia 3 ananukuu Kumbukumbu la Torati kwamba amelaaniwa asiyedumu katika yote yaliyoandikwa. Neno zito hapo ni "yote." Wengi wanaosema wanafuata sheria wamechagua amri kadhaa zinazoonekana kwa macho, wakajipa daraja la kupita kwa hizo, na kuziacha zile ngumu, kama ile ya kutotamani, ambayo hakuna mzee wa kanisa anayeweza kuikagua.

Martin Luther aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino huko Erfurt mwaka 1505, na hakuna ushahidi kwamba alikuwa mtawa mvivu. Alifunga, alikesha, na aliungama kwa muda mrefu kiasi cha kumchosha mlezi wake wa kiroho, Johann von Staupitz, kwa sababu kila alipotoka kuungama alikumbuka dhambi nyingine aliyoisahau. Baadaye aliandika kwamba kama yupo mtawa aliyewahi kufika mbinguni kwa utawa wake, basi yeye naye angefika. Watu humkumbuka kwa hoja zake 95 za mwaka 1517 dhidi ya biashara ya vyeti vya msamaha, lakini chimbuko la hoja hizo lilikuwa miaka hiyo ya hofu, ambapo mtu aliyefanya kila lililoagizwa hakuweza kupata uhakika kwamba amefanya vya kutosha.

John Wesley alipita njia hiyohiyo miaka mia mbili baadaye. Akiwa Oxford, yeye na wenzake walifunga Jumatano na Ijumaa, walitembelea wafungwa, na waliishi kwa ratiba iliyowafanya wanafunzi wengine wawacheke. Alikwenda Georgia kama mmisionari, akarudi Uingereza mapema mwaka 1738 akiwa amevunjika moyo. Jioni ya tarehe 24 Mei mwaka huo, katika mkutano uliofanyika mtaa wa Aldersgate jijini London, alimsikia mtu akisoma utangulizi ambao Luther aliuandikia Waraka kwa Warumi, na kwa maelezo yake mwenyewe aliona kwamba sasa anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu wake. Waliomwandaa kwa jioni hiyo walikuwa Wamoravian, kanisa lilelile ambalo mwaka 1891 lilifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Wesley hakuacha kufunga baada ya hapo, wala kutembelea wafungwa. Ratiba ilibaki karibu vilevile. Kilichobadilika ni sababu ya kuifuata.

Upande wa sheria una jibu kwa hoja hii, nalo si la kupuuzwa. Watasema kwamba hofu fulani ni afya, na kwamba Paulo mwenyewe aliwaandikia Wafilipi wautimize wokovu wao "kwa kuogopa na kutetemeka." Ni kweli kwamba ameandika hivyo. Lakini mstari unaofuata unatoa sababu: ni Mungu atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Kutetemeka huko ni kwa mtu aliyeshikwa na mkono mkubwa kuliko alivyodhani, na hakufanani na wasiwasi wa mtahiniwa anayesubiri matokeo.

Je, neema huzaa uvivu?

Shutuma hii ni ya zamani kuliko Agano Jipya kukamilika. Paulo aliisikia, na katika Warumi 6 akaiweka kama swali: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" Jibu lake lilikuwa "Hasha!" Hata hivyo lazima ikubaliwe kwamba kuna mahubiri ya neema yanayostahili shutuma hiyo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwaka 1945, aliandika mwaka 1937 dhidi ya kile alichokiita neema ya bei rahisi, yaani msamaha unaotangazwa bila toba na ubatizo bila nidhamu ya kanisa, na aliyaelekeza maneno hayo kwa Walutheri wenzake waliolikariri fundisho la neema vizuri huku nchi yao ikielekea kuzimu. Kwa upande huu njia ya sheria ina sifa ambazo wapenda neema hatuzitaji vya kutosha. Inaeleweka haraka. Inampa kijana aliyetoka katika ulevi orodha ya mambo ya kuacha kesho asubuhi. Inamlinda mke na watoto pale mume anapoogopa kutengwa kanisani kuliko anavyomwogopa hakimu. Anayeidharau sheria hajawahi kuishi katika nyumba isiyo na sheria yoyote.

Pamoja na hayo, ushahidi tulio nao katika eneo letu unaelekea upande mwingine. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kupata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ambako daktari Joe Church alifanya kazi, baada ya yeye kukutana na Simeoni Nsibambi jijini Kampala mwaka 1929. Kutoka hapo ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ujumbe wake ulikuwa damu ya Yesu na msalaba, na "kutembea nuruni," yaani kuungama mbele ya ndugu bila kuficha. Matokeo yaliyowashangaza hata maofisa wa serikali yalikuwa kwamba watu walirudisha vitu walivyoiba, wengine vya miaka mingi nyuma: fedha, vifaa vya kazi, mifugo. Hakuna sheria ya kanisa iliyowalazimisha, na wengi wa waliodhulumiwa walikuwa wamekwisha kusahau. Ikiwa neema huzaa uvivu, haikuuzaa pale.

Uamsho huohuo unatufundisha pia jinsi neema inavyogeuzwa kuwa sheria na watu wanaoipenda. Katika makundi mengine ya walokole, ushuhuda uliotoka moyoni kwa kizazi cha kwanza ulipata mtindo wake maalumu, na aliyesimulia wokovu wake kwa mtindo mwingine alitiliwa shaka. Yakafuata masuala ya nywele, mapambo na mikopo, na wengine wakatengana na wenzao kwa ajili ya hayo. Ukimsikiliza mtu akiulizwa, "Umeokoka?" unaweza kugundua kwamba anayeuliza anataka kujua kama mwenzake ameacha mambo fulani, na wala haulizi kama anamtumaini Kristo. Swali ni la neema, lakini kipimo kimekwisha kuwa cha sheria.

Paulo na Yakobo

Hakuna ulinganisho wa mada hii unaoweza kukwepa Yakobo 2:24, "Mwaona kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake," ukiwekwa kando ya Warumi 3:28, ambapo mwanadamu huhesabiwa haki "kwa imani pasipo matendo ya sheria." Luther aliona mgongano hapo hata akauita waraka wa Yakobo, katika dibaji yake ya mwaka 1522, waraka wa majani makavu. Nadhani alikuwa na haraka mno.

Waandishi wote wawili wanamtumia Ibrahimu kama shahidi, na inafaa kutazama kila mmoja ameufungua ukurasa upi. Paulo anasimama kwenye Mwanzo 15, ambapo Ibrahimu aliamini na ikahesabiwa kwake kuwa haki. Kisha anauliza katika Warumi 4 kama hilo lilitokea kabla au baada ya kutahiriwa. Jibu limo katika simulizi lenyewe: Ishmaeli, aliyezaliwa baadaye, alizaliwa Ibrahimu akiwa na umri wa miaka 86, naye Ibrahimu alitahiriwa akiwa na miaka 99. Kwa hiyo alihesabiwa haki akiwa bado hajatahiriwa, kwa zaidi ya miaka kumi na mitatu. Ukiwaweka wale walioshuka Antiokia kutoka Uyahudi mbele ya hesabu hiyo, hoja yao inaanguka yenyewe, kwa sababu baba wa tohara alikubaliwa na Mungu kabla tohara haijaagizwa.

Yakobo yeye anasimama kwenye Mwanzo 22, siku Ibrahimu alipomtoa Isaka, miaka mingi baada ya hapo. Haulizi mwenye dhambi anaanzaje kukubaliwa. Anauliza imani iliyo hai inatambulikanaje, na mfano wake ni wa kawaida kabisa: ndugu hana nguo na amekosa riziki, nawe unamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Imani ya namna hiyo anasema hata mashetani wanayo. Paulo angesaini hapo bila kusita, kwa kuwa katika Wagalatia 5:6 yeye mwenyewe anaizungumzia "imani itendayo kazi kwa upendo." Mmoja anamjibu mtu anayetaka kuleta matendo yake kama malipo, mwingine anamjibu mtu anayeleta imani kama kisingizio. Mwenye kutaka kumtumia Yakobo kuijenga njia ya sheria atalazimika kwanza kueleza kwa nini Yakobo haitaji tohara, wala sabato, wala vyakula hata mara moja katika waraka wake wote.

Mezani

Mahali ambapo njia hizi mbili zinatofautiana waziwazi ni mezani. Wagalatia 2 inaeleza kwamba Petro, alipofika Antiokia, alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo akaanza kujitenga, akiwaogopa waliotahiriwa. Wayahudi wengine wakamfuata, na hata Barnaba akachukuliwa. Petro hakuwa amebadilisha mahubiri yake. Pengine Jumapili ile ile angeweza kuhubiri neema kwa ufasaha wote. Alichofanya ni kuhamisha kiti, na Paulo akamkemea mbele ya wote, kwa sababu wale waliobaki kwenye meza ya kwanza walikuwa wameambiwa bila maneno kwamba imani yao ina upungufu.

Sisi nasi tuna meza zetu. Msichana wa usharika akipata mimba nje ya ndoa hutengwa na meza ya Bwana, kisha baada ya muda husimamishwa mbele ya waumini kwa ajili ya kurudi kundini. Mara nyingi husimama peke yake, kana kwamba mimba hiyo haikuwa na mwanamume, na pengine mwanamume huyo anaimba kwaya ya mtaa wa pili. Nidhamu ya kanisa ina msingi wake katika Maandiko, nami siipingi. Lakini nidhamu inayomkamata aliyeonekana tumbo na kumwacha aliyeficha jina imekwisha kupima kwa macho, na hicho ndicho kipimo cha njia ya pili. Vivyo hivyo zipo sharika na parokia ambako familia iliyofiwa, kabla ya kuulizwa ibada iwe saa ngapi, huulizwa kama marehemu alihudhuria jumuiya na kama bahasha zake zilikuwa zikirudi. Viongozi wanaofanya hivyo wana sababu zao za kiutawala, na kanisa haliendeshwi kwa hewa. Mjane aliyeketi kwenye mkeka, hata hivyo, anasikia fundisho kuhusu wokovu, na analielewa vizuri kuliko mahubiri yote ya mwaka uliopita.

Mfano wa Farisayo na mtoza ushuru katika Luka 18 unalingana na jambo hili. Farisayo hakudanganya: alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote, zaidi ya torati ilivyodai. Hata alimshukuru Mungu kwa hayo, kwa hiyo kwa maneno yake alikuwa mtu wa neema. Kosa lake linaonekana katika kutazama pembeni, alipomwona mtoza ushuru na kumtumia kama kipimo cha uzuri wake. Njia ya sheria inahitaji mtu wa chini ili ifanye kazi.

Namna ya kuamua

Kwa msomaji anayechagua kati ya mafundisho haya mawili, au, jambo ambalo hutokea mara nyingi zaidi, kati ya makanisa mawili, kusoma ungamo la imani hakutoshi, kwa kuwa maungamo karibu yote yatakuambia kwamba wokovu ni kwa neema. Walutheri na Wakatoliki wenyewe walifika mahali pa kusema hivyo pamoja. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yoyote ya kwake, naye hupokea Roho Mtakatifu anayemwita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006 na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Tofauti zilizobaki si ndogo, lakini anayedai leo kwamba dhehebu lake peke yake ndilo linalojua neema hajafuatilia habari.

Kwa hiyo tazama mambo yanayofanyika. Tazama kinachompata mtu aliyeanguka: je, anatafutwa, au anasubiriwa atimize masharti ndipo salamu zirudi? Tazama shuhuda zinazotolewa ibadani, kama zinamhusu Kristo au zinahusu mafanikio ya mtoa ushuhuda. Jisikilize wewe mwenyewe siku ulipofanya vizuri na siku ulipofanya vibaya. Ikiwa ujasiri wako wa kuomba unapanda na kushuka pamoja na siku hizo, basi kwa vitendo uko katika njia ya pili, hata kama umebatizwa na kukomaa katika kanisa linalohubiri ya kwanza. Na ikiwa dhambi imekuwa nyepesi kwako kwa sababu msamaha upo, ulichopokea si kile alichokihubiri Paulo, na orodha ya sheria inaweza kukufaa kwa muda kuliko neema unayoidhania.

Suala la kanuni za kanisa linabaki, maana kuchagua neema hakuondoi utaratibu. Baraza la Yerusalemu, yaani mkutano wa mitume na wazee ulioamua ubishi ule wa Matendo 15, baada ya kukataa kwamba tohara ni sharti la wokovu, halikuwaacha Wakristo wa Mataifa bila neno. Barua yao iliwaagiza wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama zilizosongolewa, na uasherati. Barua haisemi kwamba wasipofanya hivyo hawawezi kuokoka, kama walivyosema wale waliotoka Uyahudi. Inasema kwamba wakijizuia na hayo watafanya vema. Matatu kati ya hayo manne yanahusu chakula, na wafafanuzi wengi wameyaelewa kuwa yalikusudiwa kuwawezesha Wayahudi na watu wa Mataifa kuketi pamoja na kula. Kanuni ya usharika wako kuhusu mavazi, pombe, siku ya ibada au michango inaweza kupimwa kwa barua hiyo: ikiwa inaelezwa kama njia ya kuishi pamoja, unaweza kuikubali au kuijadili na wazee bila hofu, ikiwa inaelezwa kwa kauli ya "msipo... hamwezi kuokoka," umekwisha kujua ni watu gani wamerudi Antiokia.